Chumba Kisicho na Harufu ya Rangi

Ukitaka kumkasirisha Asnath, mtajie tembe. Alizaliwa ndani ya tembe, kijiji cha jirani na Buigiri, chini ya paa la udongo ambalo mvua ikizidi linakudondoshea matope kwenye bakuli la mlenda. Tangu akiwa mdogo mikono yake haikukauka. Mama yake akikandika ukuta, yeye ndiye mkanyaga udongo. Sakafu ikisilibwa, yeye ndiye mzoa samadi. Shuleni wenzake wa nyumba za bati walikuwa wakimsogelea, wananusa, wanaziba pua na kucheka. Basi alipochumbiwa na Noeli, fundi rangi wa hapa mjini Dodoma, alimpa sharti moja tu: "Nijengee nyumba ya tofali, uipake rangi ya mafuta. Udongo mimi nimeshaula wa kutosha."

Na Noeli akamjengea, huko Nkuhungu, pole pole kama wanavyojenga watu wa kipato chetu. Msingi mwaka huu, kuta mwaka ule, bati Mungu akipenda. Chumba cha mbele, chenye mlango wake barazani, walikikusudia kiwe duka. Duka halikuja, maana mtaji haukuja. Hicho ndicho Noeli alichokipaka kwa mkono wake, bluu ya anga la Dodoma mwezi wa sita, na chini ya madirisha akachora maua meupe, moja moja, kwa brashi nyembamba, kwa sababu Asnath aliwahi kusema hajawahi kuwa na bustani. Wee, majirani walikuja kutazama! Kila Jumamosi Asnath aliupangusa ule ukuta kwa kitambaa kibichi, kama anayemnawisha mtoto uso.

Sasa sikiliza balaa lilikoingilia. Noeli alikuwa fundi wa kupuliza rangi na vanishi kwenye karakana ya samani, yeye na rafiki yake Yahaya, mtu wa Kondoa. Yahaya anaranda na kupiga msasa, Noeli anamalizia. Kitanda kikitoka mikononi mwa Noeli ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele. Lakini barakoa? Alikuwa anajifunga leso puani kama mtu anayevuka jalala, siku nyingine hata hiyo leso haipo. Kazi zikizidi alizileta nyumbani, stuli na vimeza, akazipulizia mle mle kwenye chumba cha bluu, na makopo ya rangi na thina akayapanga ukutani. Watu wanasifu mng'aro, nani aliuliza kifua cha mpulizaji kinasemaje? Hakuna.

Alipoanza kukohoa alisema ni vumbi. Na kweli, nani Dodoma hakohoi upepo wa mwezi wa nane ukivuma? Wakanywa tangawizi na asali. Wakapima kifua kikuu, hakuna. Mwaka ukazunguka, Noeli akawa hawezi kupanda ngazi ya baraza bila kusimama, na siku moja midomo yake ikawa rangi ya majivu, ikabidi wamkimbize hospitali wakamlaza na kumwekea mrija wa hewa puani.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwita Asnath pembeni akamwambia, "Mama, mapafu ya mzee yameungua ndani kwa zile dawa alizokuwa anazivuta. Hayatarudi kama zamani. Ila akitulia nitamruhusu, na anaweza kuishi miaka kwa kujitunza. Lakini si kwenye nyumba yenye harufu ya rangi, thina, gundi wala moshi. Mna chumba cha namna hiyo?"

"Kipo," Asnath akajibu. Akadanganya, hakikuwepo. Jua la saa sita likipiga lile bati, nyumba nzima ilinuka karakana.

Aliporudi kitandani alimkuta Noeli anatabasamu, ule mrija puani kama kamba ya ndama.

"Mama Brightness," akasema kwa pumzi fupi fupi, "kupuliza basi. Lakini mkono haujafa. Nitachora. Mteja anataka kabati, nalichora, napiga hesabu ya mbao, Yahaya anaunda. Nitafutie meza tu pale chumba cha mbele."

"Unataka ofisi?"

"Ofisi, ndiyo. Na mimi niitwe bosi kabla sijafa."

Wakacheka, Noeli akapaliwa, muuguzi akaja kuwafokea. Tangu siku ile Asnath hakuwa na jambo jingine moyoni. Kile chumba kikitakata, mume wake anarudi. Kisipotakata, harudi. Alikuwa mshona sare za shule, na cherehani yake ikaanza kushika vumbi.

Brightness, binti yao, alikuwa chuoni akisomea mambo ya mazingira. Akampigia mama yake simu. "Mama, usinunue rangi nyingine, hata hizo wanazosema hazina harufu. Toa kila kitu, piga udongo. Siku hizi watu wa mjini wanalipia, wanaita eco-friendly. Unatunza mazingira na unamtunza baba."

"Udongo? Yaani nimekusomesha ili uje unirudishe kwenye tembe?" Akakata simu. Akaingia chumba cha bluu, akafunga mlango, akavuta pumzi ndefu kwa makusudi, kama Noeli atakavyoivuta. Thina ikamkamata koo. Akakaa chini akalia. Kesho yake asubuhi akaenda kununua tindo.

Kukwangua ule ukuta, jamani! Alipofika kwenye maua alishindwa. Akampigia Noeli. "Baba Brightness, nimefika kwenye maua."

Ile mashine ya hewa ikasikika inavyokoroma. Kisha Noeli akasema, "Kwangua tu, mke wangu. Nikirudi nitakuchorea mengine, kwa penseli. Penseli hainuki."

Akakwangua. Aliulowesha ukuta kwanza ili vumbi lisiruke, na ile bluu ikawa inamshukia mikononi vipande vipande, na yeye analia, machozi na makamasi, hajali nani anapita barazani. Usimwone mtu anabomoa ukadhani hana uchungu. Kila ua aliloliondoa alikuwa anamnunulia Noeli pumzi, ndivyo alivyojiambia, na ndivyo alivyoweza kufika mwisho. Kabati la mbao za gundi akaligawa, zulia la plastiki akalitoa, makopo yote akamrudishia Yahaya.

Akachanganya udongo, akaukandika siku hiyo hiyo kwa haraka aliyokuwa nayo. Asubuhi akakuta nusu ya kazi imelala sakafuni. Saruji haikuupokea. Akasimama katikati ya lile rundo, akaona hana ujanja, inabidi ampigie mama mkwe. Na hapo ujue, yeye na mama mkwe wake, bibi Dorkasi wa Zuzu, walikuwa wanasalimiana kwa adabu tu. Miaka ile nyumba mpya, bibi Dorkasi alikuja na chungu chake cha udongo kama zawadi, Asnath akakiweka uani kwa kuku. Mambo hayo hayasahauliki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Eeh, leo mkamwana kanikumbuka! Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Ukuta umeniangukia. Nataka kumkandikia Noeli chumba."

Bibi Dorkasi akacheka, akacheka, mpaka kicheko kikageuka. "Si ulisema udongo umeshaula wa kutosha? Basi nakuja tuule wote. Ni mwanangu huyo."

Alishuka kwenye bajaji na viroba vya udongo mwekundu wa Zuzu, na kidogo cha ule mweupe, kakifunga kwenye khanga kama anayebeba mjukuu. Hakukaa hata kunywa chai. Wakazoa samadi kwa jirani mwenye ng'ombe, wakaongeza makapi ya uwele, wakakanyaga udongo wote pamoja, wakaufunika kwa magunia mabichi uchachuke. Kwa kina bibi Dorkasi udongo wa nyumba haupigwi ungali mgeni, unalazwa kwanza ukazoeana na samadi. Wakati udongo umelala, wao wanautoboa ukuta kwa tindo, vidonda vidonda, ili upate pa kushika. Wanawake wa mtaa wakapita wanatania. "Mama Brightness, mnafuga ng'ombe ndani?" Asnath, ambaye zamani angejificha chooni kwa aibu, akajibu mikono yake ikiwa matope hadi viwikoni: "Nafuga mume! Njoo ukanyage kama una miguu."

Walikandika kwa viganja, mama mkwe upande huu, mkamwana upande ule, na wakikutana kwenye kona wanacheka. Humo ndimo walimopendana, baada ya miaka yote ile ya kununiana, Mungu wangu, watu tunachelewa! Bibi Dorkasi akamsimulia Noeli alivyokuwa mdogo, alivyokuwa akichora ng'ombe kwa mkaa kwenye ukuta wa tembe na kupigwa, halafu kesho anachora tena. Asnath akasema, "Mama, akipona nitakurudishia siku zako zote." Mama mkwe akasema, "Akipona mimi sidai kitu."

Juu ya udongo mwekundu wakapaka ule mweupe, umechujwa kwa kitambaa na kukorogwa na uji mwepesi ili usitoe unga. Meza wakaitengeneza kwa mlango wa kale wa mninga ulioletwa kutoka Zuzu. Vanishi hapana. Asnath aliusugua kwa mafuta ya alizeti yaliyoyeyushiwa nta ya nyuki, siku baada ya siku, kwa kipande cha sare ya shule, mpaka ile mbao ikawa nyekundu kama chai ya rangi. Chini mkeka wa ukindu, dirishani pazia la pamba. Samadi ilipokauka harufu yake ikaondoka yote. Ukiingia mle ndani pua haikutani na kitu, ubaridi tu.

Akaenda hospitali akamwambia mumewe, "Chumba kiko tayari."

Noeli alikuwa amekonda, shati limekuwa kubwa. Akaushika mkono wa Asnath akaunusa kiganjani. "Unanuka mvua," akasema. "Nieleze."

Akamweleza yote. Ukuta, meza, dirisha linatazama wapi, mama yake alivyoimba nyimbo za unyago mbele ya mkamwana bila haya. Noeli akafumba macho kama anayetembea mle ndani. "Meza igeuze," akasema, "mwanga unijie kushoto." Daktari alikuwa amesema wiki inayofuata, hali ikiendelea hivyo, anamruhusu. Asnath akarudi nyumbani akaigeuza meza.

Hali haikuendelea hivyo. Baridi ya asubuhi ilimwingia, homa ikapanda, na yale mapafu hayakuwa na akiba. Brightness alifika kutoka chuoni akamwahi baba yake akiwa bado anajua watu. Asnath alimshika kichwa akawa anamwambia, "Baba Brightness, vumilia kidogo tu, twende nyumbani, chumba kipo, hakina harufu, nakuapia hakina harufu." Noeli alimtazama kwa yale macho yake ya upole, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali kwenda. Akafa mikononi mwake, kabla ya mchana.

Sina maneno ya kupamba hapo. Mwanamke yule alivunjika. Alipiga sakafu ya wodi kwa viganja vile vile vilivyokandika ukuta, akamlaumu Mungu wazi wazi, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Wazee wa ukoo wakakaa uani, wakapanga kwamba mwili ukifika ulazwe sebuleni, kama ilivyo kawaida, watu waage, mchungaji aombee, wakazike Zuzu. Asnath akatoka ndani, nywele wazi, akasema, "Hapana. Ataingia chumba chake."

"Mama, kile ni chumba cha kazi. Ni kidogo."

"Nilimwambia kiko tayari. Alikubali. Ataingia."

Wakatazamana. Bibi Dorkasi akasema pale alipokaa kwenye mkeka, "Mwanangu alitengenezewa chumba. Mnambishia nini?" Yakaisha. Meza ikatolewa nje, mikeka ikatandikwa, Asnath mwenyewe akafagia kwa mkono. Katika balaa lote lile alikuwa amebakiwa na kitu kimoja, nacho alikishika kwa nguvu zake zote. Noeli angelala angalau saa moja ndani ya ile hewa safi. Haikuwa akili, ni kweli. Lakini mwenye msiba haendi kwa akili, na wewe yasikukute.

Jeneza lilitengenezwa karakanani. Wenzake hawakutaka kusikia habari ya kununua. Yahaya ndiye aliyeliunda, na Yahaya ni Mwislamu, kwao mtu hazikwi kwa jeneza. Lakini alilipiga msasa kama kitanda cha bwana harusi. Na kwa kuwa mpulizaji ndiye aliyekuwa amelala, Yahaya akashika mashine ya Noeli kwa mara ya kwanza, akapuliza vanishi, ikakauka nusu, akapuliza tena, na tena, mpaka asubuhi ya mazishi, ili rafiki yake asiondoke na kazi mbovu. Alimpenda kwa mapenzi ya fundi. Ndiyo aliyoyajua.

Gari lilifika, vilio vikapanda, vijana wa karakana wakalipitisha jeneza mlango wa barazani, likaingia vizuri, wakaliweka chini katikati ya ule weupe. Lilikuwa linang'aa kiasi kwamba ungemwona mtu uso wake juu ya kifuniko. Asnath akalipigia magoti akaegemeza shavu, na hapo ndipo ilipompata.

Vanishi mbichi na thina. Jua lilikuwa limeshika bati, chumba ni kidogo, watu wamejaa mlangoni, na ile harufu ikafunguka kutoka kwenye zile mbao ikajaa chumba chote, kutoka ukuta hadi ukuta. Akashika kifua. Kila kipande cha bluu alichokikwangua, kila kiroba cha Zuzu, maua yake aliyoyaua kwa mkono wake, yote kwa ajili ya kuifukuza harufu hii, na leo imeingia ikiwa imembeba Noeli. Akafumbua mdomo apige kelele. Mtoeni humo! Mtoeni, mnamuua!

Akainua uso akamwona Yahaya. Amesimama pembeni ya ukuta, kofia mkononi, macho yamevimba, vidole vyake vina vanishi mpaka kwenye kucha. Alikuwa anamtazama yeye, anangoja.

"Shemeji," Yahaya akasema kwa sauti ya kukauka, "nimejitahidi. Yeye angefanya vizuri zaidi. Limekupendeza?"

Asnath akameza. Sijui alimezaje. "Limependeza, shemeji," akasema. "Noeli mwenyewe asingeona dosari."

Yahaya akajifunika uso kwa kofia, akalia kwa sauti kama mtoto, wenzake wakamtoa nje. Asnath akasimama, akafungua dirisha lote, pazia akaling'oa. Akaomba wanaume watoke, na wanawake wasogee mlangoni wasizibe upepo. Kisha akafungua khanga yake ya kiunoni, akakaa chini kichwani pa jeneza, akaanza kupepea. Alipepea kuelekea dirishani, mkono wa kulia, ukichoka wa kushoto.

Mwanamke mmoja akanong'ona, "Joto limemzidi." Mwingine akasema amechanganyikiwa, aletewe maji. Mchungaji alikuwa barazani amefungua kitabu, akaambiwa asubiri kidogo.

Brightness akaingia, akachuchumaa, akamshika mama yake bega. Yeye alikuwa ameshaelewa, maana na yeye ana pua. "Mama," akasema taratibu, "mama yangu, baba hapumui tena."

"Najua," Asnath akasema, na hakuacha kupepea.

Bibi Dorkasi akainuka mlangoni kwa kushika ukuta. Akavua khanga yake ya begani, akakaa upande wa pili wa jeneza la mwanawe, akaikunja mara mbili, naye akaanza kupepea.